Karatasi Mbili za Baba Mdogo Rai

Bongwe, 7 Januari 2024

Kwako Baba Mdogo Rai,

Kabla hujafika mstari wa pili, jua kwamba unaandikiwa na mtu ambaye hapa Diani maji hayapwi mpaka aamke. Juzi nililala hadi saa tatu, wageni wakasimama na taulo mabegani wakingoja ufuo utokee, na hoteli moja ikamtuma askari wake kuja kunibishia mlango. Nikatoka, nikapiga miayo, bahari ikarudi nyuma. Uliza mtu yeyote.

Shikamoo. Mfikishie na mama mdogo Umazi shikamoo yake, mwambie mwanawe hajakonda. Mimi ni mzima. Nimepanga chumba hapa Bongwe kwa Bi Tumu, mama wa Kidigo mwenye roho safi na ulimi mkali. Kila nikipita uani ananiuliza, "Wewe Mduruma, leo umemsomba Mzungu gani?" Kazi yangu ni ngamia. Mwenye ngamia ni Abdulaziz, lakini ngamia mwenyewe ananisikiliza mimi. Jina lake Bwana Harusi, na anavyotembea utadhani kweli anakwenda kuchukua mke.

Sasa habari zako zimefika huku kabla ya barua. Alamin dereva, akishusha mbuzi Kombani, alinieleza yote. Ati ulibandika hoja zako kwenye mlango wa kanisa kwa ugali, kwa sababu mlango ni wa mabati na haushiki msumari. Ati ulipoingia ndani kusali, mbuzi wa mzee wa kanisa akala hoja ya nne na ya tano. Baba mdogo, nilicheka hadi Bwana Harusi akapiga magoti bila kuamriwa.

Ukitaka kazi ya watu waliosoma, niletee mimi. Rafiki yangu Swabir ana duka la kompyuta Ukunda, na mimi vidole vyangu kwenye mashine havigusani kwa kasi. Najua unasema niliacha shule darasa la saba. Niliacha kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa.

Mwanao,
Chome

---

Samburu, 21 Januari 2024

Mwanangu Chome,

Neema na iwe kwako. Sisi tunaendelea. Mvua haijanyesha, maji tunachota mbali. Mama yako mdogo miguu imevimba tena, na safari hii tumbo pia. Daktari ametuandikia twende Msambweni, na dada yake anaishi huko, kwa hiyo atalazwa karibu na ndugu. Mimi siwezi kuondoka kwa sasa. Nenda ukamtazame. Usimpelekee soda.

Ni kweli kuhusu mbuzi. Niliandika hoja ya nne na ya tano upya.

Unajua sina simu. Niliiacha siku Mchungaji Mwero alipoanza kutuma maombi kwa simu, anayetuma sadaka kubwa anaombewa kwa jina, anayetuma ndogo anaombewa kwa jumla. Nilisimama ibadani nikauliza ni wapi imeandikwa. Baadaye yakaja mafuta ya upako kwenye chupa za dawa ya kikohozi, kisha vitambaa vya kufunga mlangoni. Mama mmoja aliuza debe la mahindi yake ya mbegu akanunua kitambaa. Mtoto wake akafa na kitambaa mkononi. Mimi ndiye niliyemfungua vidole.

Ninachosema si kigeni. Nasema rehema ya Mungu hainunuliwi, ingenunuliwa isingekuwa rehema. Nasema hakuna mtu anayesimama mlangoni kati ya Mungu na mama huyo. Nasema kila mtu ajisomee. Ndiyo maana jioni nawafundisha kusoma hawa wazee kumi na wanane. Bibi Nyevu ana miaka sabini na tatu, na Jumapili iliyopita alisoma zaburi nzima kwa kidole, akakasirika nilipomsaidia neno moja.

Baraza la Wazee wa kanisa limenipa hadi tarehe 3 Machi nijibu kwa maandishi ya chapa. Nisipojibu, jina langu linafutwa, pamoja na hao kumi na wanane, na darasa linavunjwa. Unajua pia utaratibu wa hapa, aliyefutwa yeye na nyumba yake hawazikwi na kanisa.

Nakutumia karatasi sita zenye hoja zangu kumi na moja kwa mkono wangu. Hiyo ndiyo nakala ya pekee. Pamoja nazo kuna karatasi mbili tupu ambazo nimetia sahihi chini na alama ya dole gumba, kama tunavyofanya siku zote tukituma kazi ya kuchapisha mbali. Mwambie Swabir achapishe juu yake. Moja ni ya Baraza. Ya pili ni ya akiba, ikiwa mashine itaharibu.

Usiongeze neno. Usipunguze neno.

Baba yako mdogo,
Rai

---

Bongwe, 18 Februari 2024

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo. Karatasi zimefika, nane zote, Salimu wa duka la Kombani alizifungia ndani ya mfuko wa unga. Samahani kwa kuchelewa, ngamia alikuwa na mafua. Usicheke, ngamia akipiga chafya unabadilisha shati.

Nimekwenda Msambweni mara mbili. Mama mdogo amelazwa dirishani, ana upepo, na wenziwe wodini tayari wanamwita Mwalimu kwa sababu anawasomea. Aliniuliza, "Baba yako mdogo anakula?" Nikamwambia anakula hoja. Akacheka mpaka akashika tumbo, muuguzi akanifukuza.

Nilisoma hoja zako. Sikudanganyi, mwandiko wako unalala kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe, lakini nilisoma. Ile ya saba, ya kwamba kiti cha mchungaji kishushwe kikae pamoja na mabenchi, nilimsomea Bi Tumu. Akasema, "Huyo baba yako mdogo angezaliwa upande wetu tungempa msikiti." Halafu akasema, "Kisha tungemfukuza."

Nimepata na wageni wangu wapya, Wajerumani wawili, mzee na mkewe. Mke alikuwa mwalimu wa kanisani kwao. Nilipowaambia habari yako walishika vichwa. Wakasema zamani kwao alikuwepo mtawa aliyegongomea karatasi mlangoni mwa kanisa akiwapinga waliouza msamaha. Nikawaambia huyo ni wa kale, wa kwetu yuko hai na anatumia ugali. Sasa wewe ni maarufu hotelini.

Nimenunua viatu vyeupe. Vyeupe kabisa, baba mdogo, nikipita mchana watu wanafumba macho.

Lakini kuna jambo nataka kukuuliza, nawe hujawahi kuulizwa. Baba yangu alipofariki, hanga ya kumlilia ilikaa siku saba, ndugu wote wakaja, na wewe ndugu yake wa tumbo moja ukakaa kwako, nyumba ya tatu, ukisema ngoma za msiba ni za giza. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilikuwa nachungulia njia nione kama unakuja. Mtu anayesema hakuna wa kusimama mlangoni, mbona ulisimama mlangoni kwako?

Nisamehe, ni viatu vinaongea. Kazi yako inaendelea.

Chome

---

Bongwe, 2 Machi 2024

Baba Mdogo,

Shikamoo. Ndefu sina. Karatasi imefika kwa katibu wa Baraza asubuhi ya leo, Alamin mwenyewe amemkabidhi. Kila kitu sawa. Usihangaike.

Chome

---

Samburu, 14 Aprili 2024

Mwanangu Chome,

Neema na iwe kwako. Mvua imeanza. Mbuzi mmoja amezaa pacha.

Umazi alifariki Msambweni tarehe 27 Machi, kama ulivyoambiwa. Tulimzika Jumamosi. Watu walitazama njia kama ulivyotazama wewe zamani. Hukuja. Sikulaumu. Uliniuliza swali mwezi wa pili, na sasa nalijua lilivyo kwa upande wa pili.

Nilidhani tungemzika wenyewe, mimi na wale wasomaji wangu. Lakini kanisa lote lilikuja. Kwaya ilikuja na sare. Nikasema moyoni, wamesoma hoja zangu wakaguswa.

Jeneza lilikuwa tayari juu ya kamba, vijana wanne wameshika, Mchungaji Mwero akatoa karatasi. Akasoma kwa sauti. Nanukuu, maana nimeikariri. "Mimi Rai naomba radhi kwa Baraza na kwa Mchungaji. Niliyosema niliyasema kwa kiburi. Mafuta na vitambaa ni vya baraka. Naomba mimi na nyumba yangu tupokewe." Kisha akaigeuza watu waone. Sahihi yangu. Dole langu.

Chome, mistari minne.

Vijana walikuwa wanatetemeka kwa uzito. Ningesema si yangu, wangeliweka jeneza chini, kwaya ingeondoka, na kungekuwa na matusi juu ya shimo la mke wangu. Nikatupa udongo.

Bibi Nyevu alikuwa mbele yangu. Alinitazama muda mrefu. Jumatatu alileta kitabu chake, amekifunga kwa leso, akakiweka kizingitini. "Mwalimu," akaniambia, "ulituambia tusimame, sisi tukasimama, wewe ulikuwa umeshakaa." Kufikia Ijumaa vitabu vilikuwa kumi na vitano.

Nilikutumia karatasi mbili. Moja ilifika kwa Baraza. Ya pili iko wapi? Na zile sita za mkono wangu ziko wapi?

Rai

---

Bongwe, 20 Mei 2024

Kwako Baba Mdogo Rai,

Shikamoo na pole sana. Pole tena. Nilitaka kuja msibani, Mungu ananiona, lakini Bwana Harusi alianguka kwenye mawe akaumia goti, na Abdulaziz akasema nikiondoka nisirudi. Ngamia akiumia goti ni kazi kweli. Unamkanda kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni, unamfunga kitambaa, yeye anakutemea mate. Kuna daktari wa mifugo alikuja kutoka Kwale akasema tumchinje, mimi nikakataa. Sasa anatembea, ila upande, kama mzee aliyeketi vibaya. Wageni wanampenda zaidi hivyo. Mmoja alitaka kumpa jina lake. Bi Tumu anakupa mkono wa pole. Alisoma dua nyumbani kwake kwa ajili ya mama mdogo, nilimwambia wewe hupendi mambo hayo, akaniambia, "Sikumsomea yeye."

Kuhusu karatasi, watu wa Baraza ni wajanja. Siku hizi mashine zinaweza kunakili sahihi ya mtu yeyote. Swabir anasema hata dole. Ya pili iliharibika kwenye mashine, ilimezwa ikatoka vipande. Zile sita zipo mahali salama.

Nakutumia sukari kilo mbili na majani.

Chome

---

Samburu, 9 Juni 2024

Chome,

Sukari imefika. Nimempa mama wa yule mtoto.

Nimesoma barua yako mara tatu. Goti la ngamia limepata nafasi kubwa. Mama yako mdogo amepata kidogo kuliko goti.

Kwa maneno yako nilikwenda kwa Mchungaji Mwero. Nikamwambia mbele ya wazee kwamba wameghushi. Mzee huyo si rafiki yangu, lakini alilia. Akaapa kwa watoto wake kwamba karatasi ilifika ndani ya bahasha iliyofungwa, Alamin akaitwa akathibitisha. Basi nimemsingizia mtu mbele ya watu, mimi ninayefundisha kweli, na nimemwomba radhi. Safari hii kwa mdomo wangu.

Nakuuliza mara ya pili, na sitauliza mara ya tatu. Mtu halazimishwi kuungama. Hilo nililifundisha, nami nalishika.

Rai

---

Bongwe, 30 Juni 2024

Kwako Baba Mdogo,

Shikamoo.

Niliandika mimi.

Sasa nisikilize kabla hujachana. Mama mdogo aliniomba. Nilipokwenda Msambweni mara ya tatu, mwisho wa mwezi wa pili, alinishika mkono akasema, "Chome, mimi naondoka, na sitaki kufukiwa kama mnyama. Baba yako mdogo hatashuka. Mshushe wewe." Ningefanyaje? Mtu anakufa anakuomba, wewe una karatasi yenye sahihi. Nilifanya kwa ajili yake. Na alizikwa kwa kwaya na sare, wewe mwenyewe umeandika. Ukiniadhibu, mwadhibu na yeye.

Viatu nimeviweka chini ya kitanda, sivivai siku hizi, vimekuwa na rangi ya maziwa yaliyochacha. Ngamia yuko salama. Mimi sijambo, au niseme hivyo.

Chome

---

Samburu, 18 Agosti 2024

Mwanangu Chome,

Barua yako nimekaa nayo wiki saba. Alamin alipita mara nyingi akiuliza kama kuna jibu, nikamwambia bado.

Wewe nimekusamehe. Nimekusamehe siku ile ile, kabla sijafika chini ya ukurasa. Hudaiwi kitu. Usilete sukari.

Sasa nitakuambia jambo la Umazi, kisha ninyamaze.

Miaka thelathini na moja watu waliniita mkaidi. Walinitenga, waliua mbwa wangu, na kila nilipoingia nyumbani alikuwa ananiuliza, "Umewaambia vile vile?" Nami namwambia, "Vile vile." Anaweka chakula. Mimi si mtu wa kucheka, na unajua nilivyo mgumu, sikwenda hata kumlilia ndugu yangu. Nilipokuwa peke yangu kabisa sikuwa peke yangu. Nilijihesabia kwamba hata dunia nzima ikiniona mwongo, yuko mmoja anayeamini nilichosema, naye analala upande wa ukuta.

Kumbe alikuwa anaogopa. Kumbe kitandani kule aliamini kwamba bila kwaya na bila kadi ya kanisa Mungu angemsahau, na hakuweza kuniambia mimi, akamwambia kijana. Ikiwa sikuweza kumfundisha huyu mmoja, niliyeshiriki naye kikombe, nilimfundisha nani?

Ufunguo wa kanisa nimerudisha. Benchi la kusomea nimempa jirani afanye kitanda. Miwani nimeiweka. Naketi hapa barabarani, malori yanapita, watu wa mbuzi wananisalimia, naitikia. Sisomi tena. Sisali pia, na hili sijamwambia mtu.

Usiniandikie. Sitafungua.

Rai

---

Bongwe, 1 Septemba 2024

Kwako Baba Mdogo Rai, kwa mkono wa Bibi Nyevu,

Shikamoo. Bibi Nyevu, shikamoo. Bahasha nimeiandika jina lako kwa sababu yeye alisema hafungui. Nakuomba uende pale anapoketi barabarani, umsomee kwa sauti. Nimeandika kwa herufi kubwa. Usiruke neno, wala asikusaidie.

Baba mdogo, sina habari za ngamia.

Nilikwenda Msambweni mara ya tatu, hilo ni kweli, tarehe 27 ya mwezi wa pili. Mama mdogo alikuwa hawezi tena kuketi. Nilimwambia mimi, si yeye aliyeniambia, nilimwambia, "Baba mdogo akishikilia hoja zake hutazikwa na kanisa, afadhali tumbembeleze." Akanitazama kama unavyotazama wewe. Akasema, "Peleka kama alivyoandika. Mimi watanifukia hata nyuma ya choo, Mungu anajua njia." Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema tena, "Mwambie awaambie vile vile." Neno hilo, vile vile, sikulijua maana yake mpaka nilipolisoma kwenye barua yako. Hakuogopa. Hata kidogo. Aliniuliza tu kama unakula.

Mke wako aliamini. Bibi Nyevu, rudia hapo.

Yeye hakuniomba kitu. Nilimsingizia marehemu kwa sababu marehemu hajibu.

Karatasi ya pili haikumezwa na mashine. Niko nayo hapa, tupu, na sahihi yako na dole lako, nimekufungia humu humu ndani. Mashine ya Swabir haikukosea kitu. Ilichapa mistari minne safi, tarehe 1 Machi, mimi nikiitamka na Swabir akiuliza, "Ni hayo tu? Si ulisema ni kurasa sita?" Nikamwambia mzee amebadili nia.

Niliandika minne kwa sababu sikuweza kuandika kumi na moja. Nilijaribu. Nilikaa pale nikijitahidi kukumbuka, nikakumbuka ya kiti, ya mafuta, na ya yule mtoto mwenye kitambaa. Nyingine zikakataa kuja. Siku imebaki moja, Alamin anaondoka alfajiri, na mimi niliyekwambia vidole vyangu havigusani sikuweza kukuambia kwamba sina cha kuchapisha. Kuomba radhi ni rahisi kuandika. Mtu yeyote anaweza kumwandikia mwenzake.

Zile sita hazipo mahali salama. Au zipo, lakini si kwangu. Yule mama Mjerumani aliziangalia sana. Alipenda mwandiko, na mistari myekundu ya daftari, na alama ya kikombe cha chai kwenye hoja ya tisa. Alisema angezitia kioo azitundike kanisani kwao, karibu na mlango. Nilijiambia nitazinakili kwanza usiku, sikunakili. Nilijiambia kichwa changu kinatosha. Alinipa noti mkononi nami nikafunga vidole.

Wewe uliandika kwamba vitu vya Mungu haviuzwi. Uliandika mara kumi na moja. Mimi niliziuza, baba mdogo, nikanunua viatu.

Chome